Mji usio na soko



Swali la juma hili lililetwa na mama mmoja katika mkutano wetu wa akiba, wakati feza zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa na kisanduku kimefungwa. Mtoto wake wa miaka 13 alitumiwa na mjomba wake aliye Ubelgiji mashini ndogo ya michezo, ile ya kushika mikononi yenye kioo katikati, inayoitwa Nintendo Switch. Ndani yake mna mchezo wa kujenga mji. Tangu siku hiyo kijana hatoki nje, bukari inapoa kwenye sahani, na akiitwa hujibu neno moja tu: "Ngoja." Mama akatuuliza: niiuze nilipe trimestri ya pili, ao niiache?

Wamama walijibu wote kwa mara moja. Mmoja alisema iuzwe siku hiyohiyo kabla haijaharibika. Mwingine alisema heri mtoto aliye ndani ya nyumba kuliko yule anayezurura na wachimbaji. Mwingine akasema mashini kama hizo zinaharibu macho. Tukaachana bila jibu. Kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa ameutazama mchezo wenyewe, mimi niliomba ruhusa nikaenda kuketi karibu na kijana huyo Jumamosi mchana, nikamwambia anionyeshe kila kitu kama vile ningekuwa mwanafunzi wake. Alifurahi sana. Alinifundisha saa tatu nzima, na dada yake wa miaka 11 alisimama nyuma yetu muda wote huo, akiwa na ndoo mkononi. Huyo dada nitamrudia.

Mchezo wenyewe unaitwa Cities: Skylines. Ulitoka mwaka 2015, na mwaka 2018 ukawekwa kwenye hiyo mashini ya mkononi. Waliouunda ni kampuni ndogo ya mji wa Tampere, Ufini, wakati huo wakiwa watu zaidi kidogo ya kumi, na mkuu wao alikuwa mwanamke, Mariina Hallikainen. Babu wa michezo ya namna hii ni SimCity ya mwaka 1989. Mmarekani Will Wright alikuwa ametunga mchezo wa vita ambamo helikopta inapiga mabomu visiwani, akaona kwamba yeye mwenyewe anafurahia zaidi kuchora barabara na nyumba za visiwa vile kuliko kuvibomoa. Wauzaji wa michezo walisitasita kuupokea mchezo wake mpya kwa sababu hauna kushinda wala kushindwa. Mji unaendelea tu.

Hapo tayari kuna jibu moja kwa ajili ya neno lile "ngoja". Mechi ya mpira ndani ya mashini ina dakika zake, ikiisha imeisha. Mji hauishi. Barabara ikinyooka, taka zinajaa; taka zikizolewa, shule haitoshi; shule ikitosha, feza zimekwisha. Kila mara kuna kitu kimoja kidogo cha kutengeneza kabla ya kula. Sisi tunalijua jambo hilo, kwa maana ndivyo kazi za nyumba zilivyo. Lakini mchezo huu una kitufe cha kusimamisha wakati, na kitufe cha kuuhifadhi mji ulivyo, na baada ya kubonyeza hivyo hakuna kinachopotea hata mashini ikilala juma nzima. Mtoto anayesema "nikiacha sasa nitapoteza kila kitu" anawapima tu. Mwambieni asimamishe, ahifadhi, aje kula.

Sasa, anafanya nini humo ndani? Anaanza na uwanja mtupu, mto na njia kuu moja. Anapewa feza, 70,000 kwa hesabu ya mchezo. Anachora barabara, kisha kando ya barabara anapaka rangi: kijani ni mahali pa kukaa watu, bluu ni maduka, manjano ni viwanda. Yeye ni meya. Hajengi nyumba yenyewe. Akikwisha kupaka rangi, watu wanakuja wenyewe na nyumba zinaota kama uyoga. Baadaye wanaanza kudai. Umeme. Maji. Kuondolewa taka. Kliniki. Shule. Hata makaburi, kwa maana watu wa mji huo wanazeeka na kufa, na gari la maiti likikwama katika msongamano, alama ya kifo inabaki juu ya nyumba mpaka lifike.

Nyumba ikikosa umeme, alama ndogo inawaka juu yake. Ikikosa kwa muda mrefu, wenyeji wanafunga vitu vyao na kuondoka mjini. Hapo nilicheka mpaka kijana akasimamisha mchezo. Kama watu wa Katuba na wa Kenya wangehama kila mara umeme unapokatika, leo Lubumbashi ingekuwa pori la miombo tena.

Jambo lililonigusa zaidi ni maji. Katika mchezo, unaweka pampu mtoni ili kuvuta maji safi, na bomba lingine linalomwaga maji machafu ya mji mtoni. Mto una mkondo. Ukiweka bomba la uchafu juu na pampu chini yake, pampu inavuta kinyesi na kukirudisha kwenye nyumba, na kwa muda mfupi mji mzima unaugua. Kijana aliniambia kwamba mji wake wa kwanza ulikufa hivyo. Watu waliugua, kliniki zikajaa, walio hai wakahama, kodi ikakosa, feza zikaisha. Alikaa akiutazama bila kujua sababu mpaka alipofungua ramani ya maji na kuona rangi ya kahawia inateremka na mto hadi kwenye pampu. "Mama, mimi ndiye niliyewaua," aliniambia. Alisema bila kucheka.

Siku iliyofuata, mama yake alinieleza, kijana alitoka na utepe wa fundi wa mbao wa jirani, akapima kutoka choo hadi kisima cha lupango lao. Alipata mita 11. Wale wanaoshughulika na maji katika kambi za wakimbizi na mahali pa maafa hufuata kipimo kwamba choo cha shimo kiwe umbali wa mita 30 ao zaidi kutoka chanzo cha maji, na sakafu ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu angalau. Wamama, fanyeni hesabu. Lupango lenye urefu wa mita 25 haliwezi kuwa na choo na kisima kwa kipimo hicho, hata ukiviweka pembe kwa pembe ni shida, na mara nyingi choo cha jirani kiko nyuma tu ya ukuta. Hakuna kitufe cha kuhamisha kisima. Kinachobaki ni kuchemsha maji ya kunywa ao kuyatia dawa ya klori, na kukifunika kisima, na kukijengea ukingo ili maji ya mvua yasiteremke ndani. Haya tumeyasikia mara nyingi kutoka kwa wauguzi wakati wa kipindupindu. Lakini katika nyumba ile, aliyesimamia kuchemsha maji juma hilo ni kijana wa miaka 13, akimkemea dada yake asichote kikombe moja kwa moja kwenye ndoo. Sijaona mafunzo ya afya yaliyofika nyumbani haraka namna hiyo.

Kuna mafunzo ya feza pia. Kila jengo analoweka meya lina bei ya kujenga na tena gharama ya kila juma. Mtoto asiye na uzoefu anajenga shule, kliniki na kituo cha zimamoto siku moja, sababu feza za kuanzia anazo, kisha anashangaa kuona sanduku linapungua kila juma wakati wakaaji wake ni wachache na kodi ni kidogo. Anakimbilia benki ya mchezo. Benki inampa, na kila juma inakata sehemu yake pamoja na faida. Nilimuuliza kijana: uliwahi kukopa? Akasema mara moja, akajenga barabara kubwa nzuri ambayo hakuna aliyepita. Wamama wa kundi letu ambao wamewahi kukopa kwa ajili ya sherehe wananielewa.

Na kwa kuwa mashini imewekwa katika Kifaransa, kijana anasoma maneno ya bajeti, ya kodi, ya maji taka, ya msongamano, maneno mazito ambayo kalasini angeyakariri bila kuyaelewa. Hilo si dogo. Lakini tusilipeleke mbali: mchezo haufundishi hesabu za mtihani, na buletini ya trimestri haina mstari wa kujenga miji.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa niseme kile ambacho hakimo, kwa maana kijana hawezi kukiona mpaka mtu mzima amwonyeshe.

Nilitafuta soko katika mji ule. Maduka yapo, yenye kioo na mlango. Soko halipo. Hakuna mama aliyetandika gunia chini na kupanga nyanya tano tano. Hakuna anayeuza makala kwa kopo, hakuna mikate ya asubuhi kwenye beseni, hakuna pikipiki inayobeba watu watatu na mfuko wa unga. Kila mtu mzima wa mji ule ana kazi katika jengo, ao hana kazi. Hakuna katikati. Nyumba inaota ikiwa imekamilika na paa lake. Hakuna anayeanza na chumba kimoja, akakaa miaka minne akingoja feza za mabati. Na hakuna anayebishana na meya. Hakuna shefu wa kartye, hakuna kura, hakuna mama wa kusimama mbele ya ofisi. Meya akitaka barabara ipite, kuna kitufe cha buldoza. Anachagua nyumba, inatoweka, vumbi kidogo, kwisha. Watu waliokuwa ndani hawaonekani wakibeba godoro.

Kijana alibomoa nyumba ishirini mbele yangu ili anyooshe barabara. Nilimuuliza watu wake wameenda wapi. Akasema, "Wanakuja wengine." Na ni kweli, katika mchezo wanakuja wengine.

Hapo nilimwambia asimamishe wakati, nikamweleza juu ya mji tunaokaa, kwa sababu Lubumbashi pia iliwahi kuchorwa na mtu aliyeutazama kutoka juu. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa ajili ya shaba, na tanuru la kuyeyushia lilianza kazi mwaka 1911. Barabara zilichorwa kwa rula, mraba kwa mraba, kama katika mchezo. Katika miaka ya 1920 waliacha ukanda mtupu kati ya mji wa wazungu na kartye ya Waafrika, ile ambayo leo ni Kamalondo. Upana wake ulikuwa karibu mita 700. Sababu iliyotajwa ni mbu: walidai kwamba mbu akitoka kwa Waafrika na malaria asifike kwa wazungu. Mpishi, mfua nguo na mlinda bustani waliuvuka ukanda huo kila asubuhi na kurudi kila jioni. Kwa hao ukanda haukuwa na maana. Kijani hapa, bluu pale, manjano kule, na nafasi tupu katikati: mkono uliopaka rangi zile haukuuliza mtu yeyote.

Kijana alisikiliza kuliko nilivyotegemea. Akauliza: na viwanda waliviweka wapi? Swali zuri. Katika mchezo, udongo ulio chini ya viwanda unageuka rangi, na nyumba zikiwekwa hapo watu wanaugua. Kwetu, upepo wa kiangazi hutoka kusini-mashariki, na kwa miaka mingi moshi wa bomba refu la Jekamini ulisukumwa kuelekea kaskazini-magharibi, upande wa Penga Penga, ambako miti ilikufa na udongo umebaki na shaba na madini mengine hata leo. Wataalamu wa chuo kikuu chetu wamejaribu kuotesha majani na miti huko. Watu wamejenga huko na wamama wanalima mboga huko, kwa kuwa mahali ni pa bei nafuu. Mchezo ungeweka alama ya ugonjwa juu ya nyumba. Kwetu alama haionekani, na lengalenga za mahali pale zinaota kijani kama za pengine.

Halafu tukafika kwenye mgodi. Meya anaweza kuamua kwamba sehemu ya viwanda iwe ya kuchimba madini. Feza zinaingia vizuri, malori yanajaa barabarani, na polepole ramani ya madini inafifia. Madini yanaisha. Kijana alikuwa na mji uliofika hapo. Viwanda vilifungwa, nyumba zilizokuwa karibu zikawa tupu, naye akazibomoa zote akapanda bustani ya kupumzikia. Aliniambia kwa fahari kwamba mji uliponea hapo.

Wamama wengi wanaosoma ukurasa huu hawahitaji nieleze. Kwetu shaba haikuisha chini. Kazi ndiyo iliyoisha juu. Mwaka 2003, watu zaidi ya 10,000 wa Jekamini walipewa feza kidogo ili waache kazi, na jambo hilo likaitwa kuondoka kwa hiari. Kabla ya hapo mishahara ilikuwa imechelewa miezi na miezi. Katika mchezo watu wa namna hiyo wanahama, nyumba inabaki tupu, meya anaifuta. Hapa hawakuhama. Babu wa kijana huyu alikuwa mmoja wao. Bibi yake alitoa mashini ya kushonea nje ya mlango, baadaye akaanza kuuza unga wa muhogo, kisha samaki wakavu, na kwa unga na samaki watoto sita walisoma, pamoja na yule aliye Ubelgiji leo, aliyenunua Nintendo. Nilimwambia kijana: katika mchezo wako, bibi hayupo. Ungebonyeza kitufe juu yake.

Alinyamaza kidogo. Baadaye akasema kwamba mchezo haumpi rangi ya kupaka soko. Ni kweli, si kosa lake, wala sidhani kwamba wale watu wa Tampere walikusudia ubaya. Waliunda mji wanaoujua wao. Kwa hiyo sisi tukichukua mashini na kuifungia kabatini, mtoto atabaki na picha ile ile ya mji aliyokwisha kuiona, bila mtu wa kumwambia kilichokosekana. Mimi ninaona afadhali mama ama bibi aketi karibu naye nusu saa mara moja kwa juma na kuuliza maswali ya kawaida. Huyu anafanya kazi wapi? Maji yake yanatoka wapi? Nani anamchunga mtoto wake? Barabara hii ikipita, nani anaondoka? Si lazima kujua kubonyeza. Kuuliza kunatosha, na watoto wanapenda sana kumfundisha mtu mzima.

Na sasa dada. Nilipoona amesimama muda mrefu na ndoo, nilimuuliza kama amewahi kucheza. Akasema kaka humwacha atazame. Kaka akasema yeye hajui. Nikaomba mashini, nikampa dada, nikachukua ndoo mimi. Kwanza aliharibu barabara mbili. Kisha akafanya jambo ambalo kaka hakuwahi kulifanya: akaivuta picha mpaka chini kabisa, karibu na ardhi, ambapo watu wadogo wanaonekana wakitembea, akaanza kumfuata mmoja. Mchezo huruhusu hivyo. Ukimchagua mtu unaona jina lake, nyumba yake, na anakokwenda. Alimfuata mwanamke mmoja kutoka nyumbani hadi kazini na kurudi, akamwambia kaka yake: "Huyu anatembea sana. Weka basi hapa." Kaka alikuwa na miji mitano na hakuwahi kumfuata mtu hata mmoja.

Watu wakubwa wameliona jambo hilo pia. Mwaka 2012, UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya makazi, lilianza kufanya kazi na wenye Minecraft, mchezo wa kujenga kwa matofali ambao watoto wetu wengi wanaujua kwenye simu. Waliwaketisha wakaaji wa mitaa mbele ya mashini ili wachore uwanja wao wenyewe kabla ya fundi kuchora. Nairobi, katika Kibera, walifanya hivyo kwa uwanja wa michezo wa Silanga. Hanoi, kule Vietnam, waliwapa wasichana wa shule waonyeshe mahali wanapoogopa kupita na jinsi wanavyotaka patengenezwe. Msichana anayetembea na ndoo anajua ni kona gani haina taa. Akikaa nyuma ya kaka yake na kutazama tu, hilo analolijua haliingii katika mji wowote. Kwa hiyo, wamama, ikiwa mashini iko nyumbani, iwe na zamu, na zamu ya msichana isiwe ile ya saa ya kuchota maji na kupika, kwa maana hapo mmempa kwa mdomo tu.

Juu ya hatari nitasema machache, kwani mama aliyeuliza alikuwa na hofu ya kweli. Shirika la Afya Ulimwenguni limeweka ugonjwa wa michezo hiyo katika orodha yake mpya ya magonjwa, inayotumika tangu mwaka 2022. Alama zake ni tatu: mtu hawezi tena kujizuia, mchezo unatangulia mambo yote mengine ya maisha, na anaendelea hata akiona madhara. Na kwa kawaida mambo hayo yawe yamedumu miezi 12. Mtoto aliyepata zawadi mpya na kuacha bukari ipoe kwa majuma matatu si mgonjwa. Mtoto aliyeacha rafiki zake, usingizi na shule kwa mwaka mzima ni jambo lingine, na huyo anahitaji mtu wa afya, siyo fimbo. Kwa watoto wadogo, shirika hilo linashauri kwamba wa chini ya mwaka mmoja wasiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne wasipite saa moja kwa siku. Kwa hiyo kitinda mimba asipewe mashini ili anyamaze.

Umeme wenyewe utawasaidia. Mashini ya kwanza ya aina hiyo, ya mwaka 2017, betri yake inadumu kati ya saa mbili na nusu na saa sita na nusu kadiri ya mchezo, na mchezo mzito kama huu unaila upesi. Katika nyumba yenye umeme siku tatu kwa juma, meya wa mji analala mapema. (Betri za namna hiyo huwa na kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka huku kwetu. Kijana hakuwa na habari. Aliigeuza mashini akaitazama mgongoni.) Kanuni ambayo baadhi ya wamama wanaitumia na inafaa ni kwamba chaja inakaa kwa mama. Hakuna kelele, hakuna kunyang'anya. Betri ikiisha, mtoto anakuja mwenyewe kuomba chaja, na hapo ndipo daftari la kazi za shule linapotazamwa.

Tubaki na swali la kuuza. Mashini hiyo ilipotoka mwaka 2017 ilikuwa na bei ya dola 299 huko Marekani. Hapa kwetu, ikiwa imetumika, hakuna atakayempa mama huyo bei ile, na wale wanaonunua vitu vya namna hiyo kando ya barabara wanajua kusoma uso wa mtu mwenye deni la shule. Tulizungumza naye tena katikati ya juma. Nilimwambia wazi kwamba ikiwa shule itamrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya feza, auze, na asione haya. Mji wa mchezo unaweza kungoja, mwaka wa shule haungoji. Lakini kabla ya kuuza aje kwanza kwenye kisanduku chetu, kwa kuwa kanuni zetu zinaruhusu mkopo wa shule, na faida yetu inarudi mikononi mwetu wenyewe. Pia amwandikie kaka yake. Mtu aliyetuma mashini anaweza kutuma trimestri, ikiwa atajua kwamba trimestri inakosa. Wajomba wa Ulaya mara nyingi hawaambiwi.

Amepiga simu. Kaka ameahidi nusu. Nusu nyingine itajadiliwa katika mkutano wa Jumapili, baada ya ibada, na wenye kitabu cha mikopo wanaombwa wasichelewe. Mashini iko bado nyumbani, chaja iko katika mfuko wa kitenge cha mama. Kijana ameanza mji mpya kando ya mto, na pampu iko juu ya mkondo. Dada yake amedai kwamba kituo cha basi kitangulie maduka. Wanabishana bado.